Kijito Kisichojua Kukataa

“Sisi, Kijito cha Lupembwe, mzaliwa wa chemchemi ya juu, mrithi halali wa bonde hili na vyote vilowavyo ndani yake, tunawatangazia wanafunzi, walimu na watumishi kwamba tumelitafakari suala la uji. Kuanzia leo utiwe sukari. Tumelitafakari pia suala la maharage, na tumehuzunika. Aidha, wanafunzi wa kidato cha tatu wasifyekeshwe tena nyasi za ukingoni, kwa kuwa nyasi hizo ni shangazi zetu.”

Shule nzima ilikuwa paredi. Sauti ilitoka kwa Msemaji, kile kisanduku cha kijani kilichosimikwa ukingoni mwa kijito nyuma ya goli, na ilikuwa sauti ileile ambayo serikali ilivipa vijito vyote vya nchi: sauti ya bibi aliyekwisha kula, asiye na haraka. Mkuu wa shule, Mwalimu Mbilinyi, alivua kofia. Kiranja mkuu alikakamaa kama mlingoti. Katika nchi ambayo kijito ni mtu mbele ya sheria, tena mtu mwenye haki ya kuulizwa kabla ya kuguswa, huwezi kukisikiliza ukiwa umevaa kofia.

Kisha kijito kikapiga chafya. Kikapiga ya pili. Kikasema samahani.

Walinikuta nimejikunja nyuma ya kisanduku, simu ya mtunza stoo mkononi, waya wa spika umechomekwa kwenye simu, na vumbi la miaka limenijaa puani. Naitwa Amulike Tweve. Nilijaribu kueleza kwamba nilikuwa nakagua mitambo kwa niaba ya taifa, lakini Mwalimu Mbilinyi alikuwa bado ameshika kofia yake mkononi, na mtu aliyevuliwa kofia na mtoto wa kidato cha tatu hasikilizi hoja.

Adhabu niliyopewa ni kuwa mpagazi wa Muulizaji wa Vijito kila atakapofika bondeni, mpaka muhula uishe: nibebe ndoo zake, nyavu zake, nisafishe mabomba yake, na nisiguse waya wowote. Nilipokea uteuzi huo kwa unyenyekevu. Ulikuwa unaangukia katika vipindi vya hesabu.

*

Muulizaji wetu aliitwa Tulinave Ndelwa. Alikuwa ametoka chuo karibuni, mabuti yake ya mpira yalimzidi miguu, na alikuwa na desturi ya kuviamkia vijito shikamoo kabla ya kutia mguu majini. Nilidhani ni utani. Nilipocheka alinitazama mpaka nami nikaamkia.

Kazi yake ilikuwa hii. Pembeni mwa kijito kulikuwa na mfereji mdogo wa saruji, umefunikwa kwa wavu wa chuma na kufuli linalofunguka kwa kidole gumba chake tu. Maji ya kijito yaliingia humo kwa bomba, yakapita juu ya mawe, yakatokea kwenye chujio upande wa pili. Wadudu wa kijito waliingia pamoja na maji, wakashika mawe, wakaishi humo kama walivyoishi nje. Mtu akitaka kufanya jambo kwenye kijito, jambo lenyewe lilifanywa kwanza humo, kwa kipimo kidogo. Anayetaka kumwaga maji ya moto, maji ya mfereji yalipashwa. Anayetaka kupunguza maji, ya mfereji yalipunguzwa. Halafu watu walisubiri.

Mdudu wa maji hana mdomo wa kulalamika. Ana miguu. Akishindwa na hali huachia jiwe na kujiachilia achukuliwe na mkondo, akatafute pengine. Msemaji alikuwa na jicho kwenye chujio, na kazi yake ilikuwa kuhesabu ni wadudu wa aina ngapi wameachia. Aina nyingi zikiachia kwa pamoja, bibi yule wa spika husema, “Siridhii.” Zisipoachia husema, “Nimeridhia.” Ndiyo ridhaa ya kijito, na bila ridhaa hiyo hakuna kibali.

Kijito chetu kilikuwa hakijawahi kusema neno jingine zaidi ya nimeridhia. Kiliulizwa kuhusu mashine ya mbao, kikaridhia. Kiliulizwa kuhusu barabara iliyokata ukingo, kikaridhia. Kiliulizwa kuhusu kulima viazi mpaka kwenye mchanga wake, kikaridhia kwa sauti ya kubembeleza kabisa. Shuleni neno lilikuwa limeshakuwa msemo. Ukimwendea kidato cha kwanza ukamwomba sukari yake, akakupa bila kufikiri, unamwita Lupembwe.

Sasa ushirika wa wakulima wa viazi ulikuwa umeomba kujenga ghala la baridi. Mitambo yake ingepozwa kwa maji ya kijito, na maji yangerudishwa kijitoni yakiwa vuguvugu. Kikao cha baraza la bonde cha kukiuliza kilipangwa Jumamosi mchana, palepale ukingoni. Nilimwambia Dada Tulinave kwamba kumwuliza Lupembwe ni kupoteza mafuta ya pikipiki, kwa kuwa jibu hata mimi ninaweza kulitoa, na nina uzoefu.

Hakucheka. Alitia mkono majini akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na utelezi wa kijani, funza wekundu wembamba kama nyuzi za sweta, na ruba mmoja aliyejinyoosha kwa uvivu. Aligeuza la pili, la tatu. Funza wekundu, ruba, matope.

“Hawa hawaachii,” alisema. “Uwape joto, uwape dawa, uwape matope mpaka shingoni, wao wamo tu. Haya, panda nikuonyeshe wenzao.”

Tulipanda kwa kufuata maji. Tulipita mashamba ya viazi yaliyoshuka mpaka majini, na kwenye kila mtaro wa shamba kijito kilikunywa udongo. Miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa, jua lilipiga maji moja kwa moja, na ukiweka kidole hukuhisi ubaridi wa milima yetu ya Ukinga, ulihisi chai iliyosahauliwa. Kisha tukaingia kwenye kipande cha msitu kilichobaki juu ya mashamba, kidogo kuliko uwanja wetu wa mpira, na hapo maji yalitoka chini ya mwamba yakiwa baridi kiasi cha kuuma mifupa.

Akageuza jiwe. Naomba nisifanye mzaha katika aya hii. Jiwe lilikuwa limejaa watu. Kulikuwa na wadudu bapa wenye mikia mitatu, vipumulio vyao vikipepea ubavuni kama unyoya. Kulikuwa na wenye mikia miwili, wakali, wanatembea kama askari wa doria. Kulikuwa na wajenzi, ambao kila mmoja alikuwa amejishonea nyumba ya chembe za mchanga na kuingia ndani akaacha kichwa nje. Nilitembea miaka mitatu kando ya kijito hiki nikikitania, na sikujua kwamba kilikuwa na wenyeji.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, maji yakimwingia mabutini. Hawa ndio wanaojua kuachia. Joto likizidi kidogo tu wanaachia, udongo ukiwaziba vipumulio wanaachia, dawa ikipita wanaachia. Kila kijito kilijaa hawa zamani. Kule chini walishaachia wote, mwaka kwa mwaka, na kila walipoondoka kijito kikazidi kukubali. Waliobaki ni wale wasiojali. Kwa hiyo kijito kadiri kinavyokufa ndivyo kinavyoridhia, na siku kikifa kabisa kitaridhia kila kitu.

Nilimwuliza kama wakubwa wake wanajua. Alisema aliwaandikia, wakamjibu kwamba sheria inawauliza waliopo, haiwaulizi wasiopo. Alisema pia kwamba pale juu ndipo palipobaki tumaini. Wadudu hawa wakikua huota mabawa, wakapanda hewani, wakataga mayai kwingine. Bonde likipumzishwa, kivuli kikirudi, kijito kingejazwa tena kutokea hapa.

“Na kikao cha Jumamosi?” nikauliza.

“Nitakiuliza, kitaridhia, nitaweka kidole gumba. Ndiyo kazi niliyoapia.”

*

Nikaamua kusema kweli. Nataka jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwa kuwa halijatokea mara nyingi.

Nilianza na Mwalimu Mbilinyi. Nilimweleza habari ya mikia mitatu na mikia miwili, nikamwomba aliambie baraza kwamba ridhaa ya Lupembwe ni ridhaa ya maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona nimeshinda. Kisha akaniuliza kama leo kijito kina mafua. Ofisi nzima ya walimu ikacheka, akiwemo mwalimu wa biolojia, ambaye nilikuwa namtegemea.

Nikamwendea Lameki Chaula, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Huyu hakucheka, ila alinuna, kwa sababu mwenyekiti wa ushirika wa viazi ni mama yake. Aliniuliza kama najua viazi vikioza vinanukaje. Aliniambia kwamba msimu uliopita walivuna vizuri kuliko miaka yote, lori likachelewa, mvua ikafunga barabara, na mama yake akachimba shimo nyuma ya nyumba akazika mavuno kama anazika mtu. Baada ya hapo alikuwa hasemi wakati wa chakula. Ghala hilo alilipigania yeye, kwa miguu, ofisi kwa ofisi.

“Wewe unalia kwa ajili ya funza,” alisema. “Lia, lakini usimlize mama.”

Na huyo mama nilikuwa namfahamu. Siku za wazazi, wengine wetu ambao kwetu ni mbali hukaa bwenini tukijifanya tunasoma, na Mama Velina Mahenge huja na sufuria ya viazi vya kuchemsha na pilipili, akaita wote, asiangalie nani ni wake. Mimi aliniita “mwanangu mwenye maneno.” Nilishakula viazi vyake vingi kuliko alivyokula Lameki.

Kwa hiyo nilijua pande zote mbili, na hilo ndilo lililoniumiza kichwa. Mtu anayejua upande mmoja hulala. Ghala lilikuwa haki ya Mama Velina. Lakini ruhusa ya kulijenga ilikuwa inaombwa kwa wafu, na wafu hawana adabu ya kukataa. Kama kijito kingekuwa na watu wake, kikaulizwa, kikasema siridhii, wangetafuta njia nyingine: wangepooza maji kwanza, wangelijenga chini zaidi, wangepanda miti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa vijito vinavyokataa. Watu walipatana navyo. Chetu hakikuwa na wa kupatana naye.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na lilinijia likiwa zuri sana, jambo ambalo lingepaswa kunitisha. Kama waliokuwa na sauti wako juu, na wanaoulizwa wako chini, basi ni suala la usafiri.

*

Jumamosi asubuhi shule nzima hufua. Ndoo hupangwa ukingoni, kila mtu na yake, sabuni ya unga ya limau hugawiwa kwa kikombe, na mpaka saa nne uwanja unakuwa umetandazwa mashati kama uwanja wa vita ulioshindwa na weupe. Ndoo yangu nilifua nayo soksi, ambalo ni jambo la kutaja kwa heshima. Kisha niliisuuza. Nasema niliisuuza, na kila aliyesoma bweni anajua ninachosema: unatia maji kidogo, unazungusha mara moja, unamwaga, unaamini.

Nikapanda nayo chemchemini kwa kisingizio cha kuni.

Mpango ulikuwa kuchukua wachache. Lakini Msemaji hahesabu vichwa, anahesabu aina, na aina zenyewe hazikai pamoja. Wajenzi wanapenda penye mchanga, mikia miwili wanapenda penye povu la maporomoko. Kila jiwe lilinipa wawili, watatu. Nikageuza la pili. Nikaogopa kwamba wengine watafia njiani, nikaongeza. Mahali pazuri palikuwa padogo, na kabla sijajua nilikuwa nimefika kwenye mwamba ambako maji yanatokea, nimeshika jiwe la mwisho. Nililitazama. Nikajiambia wadudu huzaana, kazi yao ni hiyo. Nikalipangusa kwa kiganja ndani ya ndoo.

Niliporudi chini jua lilikuwa kali, ndoo ilikuwa nzito, na nilipumzika mara kadhaa. Ukingoni watu walikuwa wameanza kukusanyika kwa ajili ya kikao. Mfereji ulikuwa umefungwa kwa kufuli la kidole gumba, lakini mdomo wa bomba linaloupelekea maji ulikuwa nje, hatua chache juu, umefichwa na nyasi. Mimi ndiye niliyekuwa nauondolea majani kila wiki. Nikachuchumaa kama mtu anayetimiza wajibu, nikamimina ndoo taratibu, nikawatakia mema. Nilikuwa na hakika kwamba nimekifanyia kijito lile ambalo hakuna mwanadamu amewahi kukifanyia: nimekirudishia kinywa.

Walihitaji muda wa kushika mawe. Nilidhani hotuba zitawapa.

*

Baraza lilikaa kwenye mabenchi yetu ya bwalo. Mwenyekiti wake, Bwana Kyando, alikaa katikati. Upande mmoja walikaa wanaushirika, Mama Velina akiwa mbele amevaa kitenge cha sikukuu. Upande mwingine tulikaa wanafunzi, tumeletwa tujifunze uraia. Dada Tulinave alikiamkia kijito, akaweka kidole gumba, akamwasha Msemaji. Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akasema kwamba kwa heshima kubwa anafungua kikao.

“Siridhii,” alisema bibi wa spika.

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo bondeni kwetu. Watu waligeuka kutazama kisanduku, kisha, kwa sababu zilizo wazi, wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mikono mapajani, mbele ya mashahidi, na Mwalimu Mbilinyi alisogea hata akaangalia kama sijashika simu. Sikuwa nayo. Mwenyekiti akasema labda ni mtambo unapata moto, na akamwomba mchungaji atuongoze kwa sala. Mchungaji akainua mikono.

“Siridhii.”

Mchungaji akaishusha. Kicheko kilianzia kwa kidato cha pili kikasambaa mpaka kwa wanaushirika. Karani alisoma ajenda, kijito hakikuridhia. Mwenyekiti aliomba utulivu, kijito hakikuridhia utulivu. Lameki alinipiga kiwiko, anacheka mpaka machozi, kwa kuwa bado hajaelewa, na mimi nilicheka naye kwa mdomo tu. Hakuna mtu aliyekuwa amekiuliza kijito lolote bado. Maji ya moto yalikuwa hayajafunguliwa. Kwa nini wanaachia?

Mama Velina hakucheka. Alisimama, akavuka nyasi mpaka karibu na kisanduku, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyeenda kuomba radhi kwa wakwe.

“Shikamoo,” alikiambia kijito. “Kama nimekukosea niambie. Nimelima mpaka kwako, ni kweli. Nilikuwa na watoto. Sasa naomba mahali pa kuweka viazi, basi.”

Kicheko kilikufa.

“Siridhii,” kilisema kijito, kwa upole uleule.

Alibaki amesimama, uso wake umebadilika, na nikaona kwamba anaamini. Alidhani amekataliwa yeye, kwa jina. Lameki alikuwa ameacha kunipiga kiwiko.

Dada Tulinave alisema lazima swali liulizwe kama sheria inavyotaka, la sivyo jibu si jibu. Akafungua maji ya vuguvugu. Tukasubiri. Mvuke mwembamba ulipanda juu ya wavu wa chuma. Nilikuwa nimeukazia macho mfereji kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, nikiomba siridhii moja tu, ile ya halali, baada ya hizo zote za ovyo.

“Nimeridhia,” alisema bibi.

Bwana Kyando aliuliza kimekataa au kimekubali. Dada Tulinave alifungua kufuli, akainua wavu, akainama. Kisha alitoa chujio akaliweka juu ya nyasi, na sote tulioinuka tukaona: limejaa mikia mitatu na mikia miwili na nyumba ndogo za mchanga, lundo la kiganja kizima, na hakuna kilichotikisika. Kwenye mdomo wa mfereji palikuwa na povu. Jepesi, jeupe, linalonukia limau.

Wote walikuwa wameachia kabla ya swali. Na lilipokuja swali, hakuna aliyebaki wa kujibu.

Bwana Kyando alikuwa mwepesi wa kuelewa, ila alielewa vibaya. Alisema mfereji una kufuli moja, kufuli lina kidole kimoja, na kwamba yeye amesikia siku nyingi maneno ya huyu binti dhidi ya ridhaa ya Lupembwe, hata barua zake ofisini zinajulikana. Alisema binti ametia dawa humo ili kijito kionekane kinakataa, na dawa ikamponyoka. Alimtaka avue kitambulisho chake akiweke mezani, na kuanzia siku hiyo kidole chake kisifungue mfereji wowote nchini. Wanaushirika walianza kunung'unika, na manung'uniko yenyewe yalikuwa yanasogea mbele.

Dada Tulinave hakujitetea. Alikuwa bado ananusa povu. Akainua kichwa, akatafuta mabenchi ya wanafunzi, safu kwa safu.

“Amulike,” alisema. “Nani amesafisha mdomo wa bomba leo?”

Nilisema ni mimi, kama kawaida, kwa moyo wa kujitolea. Aliuliza nilisafisha kwa kutumia nini. Nikasema kwa mikono. Aliuliza kama mikono yangu inanukia limau. Nikajibu kwamba leo ni Jumamosi, shule nzima inanukia limau, na kwamba kisayansi harufu si ushahidi. Watu wachache walicheka kwa mazoea. Yeye alinitazama kama siku ile nilipocheka salamu yake, na safari hii hapakuwa na kitu cha kuamkia. Kitambulisho chake kilikuwa tayari mezani, pini imefunguliwa.

Nikasimama. Nilisema ni mimi. Nilisema niliwabeba wadudu kwa ndoo ya kufulia ambayo sikuisuuza sawasawa, nikawapitisha juani, nikawamimina kwenye bomba, na Dada Tulinave hakujua. Nilisema sikutaka kumdhulumu Mama Velina, nilitaka kijito kiulizwe kikiwa na watu wake, kwa sababu kule chini walishakufa wote, na aliyekuwa akituridhia miaka yote hii ni ruba. Nilisema kwamba nilikwenda kwa Mwalimu Mbilinyi kwanza. Mwalimu Mbilinyi alitazama viatu vyake. Nilizungumza sana, naona. Mpaka namaliza, hakuna aliyekuwa ameniambia ninyamaze.

Bwana Kyando alikisukuma kitambulisho juu ya meza kumrudishia Dada Tulinave, bila kumtazama.

Mama Velina alikuwa amechuchumaa kando ya chujio. Aliokota mjenzi mmoja, akamweka kwenye kiganja, akamgeuza kwa ncha ya kucha kama anavyokagua kiazi.

“Mnasema hawa wanazaa?” aliuliza. “Wanaweza kushuka wenyewe, wakajaa tena huku?”

Dada Tulinave alisema ndiyo, wakipewa kivuli na muda. Mama Velina akaitikia kwa kichwa polepole, akawa kama anapima jambo ambalo halikuwa gumu kama alivyodhani. Kisha akaniinulia macho. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza swali ambalo mkulima yeyote wa viazi angemwuliza mtu aliyetoka shambani na kapu limejaa.

“Na kule juu, mwanangu. Uliacha mbegu?”

Nililikumbuka jiwe la mwisho, na kiganja changu juu yake.

“Sikuacha, mama,” nikasema.